Nguo ya Kuazima

Wiki ya mwisho ya Juni, saiba za Kawangware hujaa kuliko matatu za saa kumi na mbili jioni. Ritani za KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, hufungwa tarehe 30, na asiyejaza hutozwa faini ya shilingi 2,000 hata kama mwaka mzima hakupata chochote cha kukatwa kodi. Basi kuanzia stage ya 46 hadi ndani kabisa kule Gatina utakuta foleni: mama mboga, mtu wa mjengo, kijana aliyemaliza chuo juzi na bado yuko nyumbani, wote wamekuja kuiambia serikali kwamba hawana kitu. Kwamba mtu anaweza kupigwa faini kwa kuchelewa kutangaza umaskini wake ni mada ya siku nyingine.

Kijana wa saiba hana maneno mengi. "Mama, PIN yako? Na paswadi?" Mama anafunua kikaratasi kilichokunjwa mara nne kutoka kwenye kibeti. Kijana anaingia katika akaunti, anabofya hapa na pale, anachapisha risiti, anapokea hela yake, na kuita, "Anayefuata!" Kwa dakika zile chache, kompyuta ya serikali haikumjua kijana huyo. Ilimjua mama tu. Lolote ambalo kijana angebofya lingeandikwa kwa jina la mama.

Kila mtu kwenye foleni analijua hilo na kila mtu amelikubali, kwa sababu bila hivyo kazi haiendi. Kinachonishughulisha mimi ni kile kipande cha mwisho ambacho hakuna anayekiangalia, kwa kuwa mama ameshaanza kutafuta mlango na anayefuata ameshakaa. Kijana anatokaje?

Pale pana majina matatu. Kuna jina la aliyekalia kiti, ambalo halibadiliki. Kuna jina linalotumika kutendea kazi kwa wakati huo. Na kuna la tatu, ambalo watu hulisahau: jina lililobaki ndani ya kivinjari, pale kilipouliza kama kihifadhi nenosiri na kijana, kwa haraka, akabofya ndiyo. Kutoka kwenye akaunti hufuta lile la pili. La tatu hubaki pale pale, likisubiri mtu alihitaji.

Wahandisi wa mfumo wa Unix walifika kwenye majina hayo hayo matatu miaka mingi kabla ya Kawangware kuwa na saiba. Kila programu inayoendeshwa kwenye Unix, au kwenye mfumo wowote wa ukoo wake kama Linux, FreeBSD, Solaris na macOS, hubeba namba za mtumiaji. Ya kwanza ni halisi: nani ameianzisha. Ya pili ni ya kutenda: inatumia mamlaka ya nani sasa. Ya tatu ni ya akiba: ni mamlaka gani inaweza kuyarudia baadaye. Ipo miito ya mfumo ya kuzibadilisha, mashuhuri zaidi ikiwa ni setuid, na ndugu zake ni seteuid, setreuid na setresuid. Kasoro ya ukoo huu ni kwamba neno lile lile, likitamkwa kwenye mifumo miwili tofauti, hufanya mambo mawili tofauti. Na tofauti hiyo haimuumi mtu anapochukua mamlaka. Humuuma anapodhani ameshayarudisha.

Chanzo chake kilikuwa tatizo la kawaida kabisa. Katika Unix, faili ya maneno siri ilipaswa kuandikwa na mtumiaji mkuu peke yake, yule anayeitwa root, mwenye namba 0. Lakini kila mtumiaji alihitaji kubadilisha nenosiri lake. Utampaje mtu ruhusa ya kuandika mstari mmoja ndani ya daftari ambalo hatakiwi kulishika? Dennis Ritchie wa Bell Labs alijibu kwa biti moja. Faili ya programu ikiwekewa biti hiyo, yeyote anayeiendesha huvishwa mamlaka ya mwenye faili kwa muda wote wa kazi. Ombi la hataza liliwasilishwa mwaka 1973, hataza namba 4,135,240 ikatolewa Januari 1979, na baadaye ikaachiwa umma itumike bure. Ni wazo zuri kweli kweli. Wahenga waliokwisha kusema kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako hawakuulizwa.

Biti ile ilimvisha mtu nguo, lakini haikumfundisha kuivua. Programu nyingi zilitaka kuivua kwa muda, zifungue faili za mtumiaji kwa jina lake mwenyewe, kisha ziivae tena. Hapo koo mbili zikachukua njia mbili. Wale wa System V, upande wa AT&T, waliongeza namba ya tatu ya akiba ili programu iwe na pa kurudia. Wale wa Berkeley, katika Unix yao ya 4.2BSD ya mwaka 1983, walileta setreuid, ambayo ilikuwezesha kubadilishana: halisi kwa kutenda na kutenda kwa halisi, kama watu wawili wanaobadilishana viti kwenye matatu bila kusimama. Njia zote mbili zilifanya kazi nyumbani kwao. Matatizo yalianza programu zilipohama.

Mwaka 1988 kilikuja kiwango cha POSIX kuzipatanisha koo hizo, nacho kikafanya kile ambacho kamati hufanya: kikatafuta maneno ambayo pande zote zingeweza kuyatia sahihi bila kubadilisha chochote. Kilisema kwamba setuid ikiitwa na programu yenye "mamlaka stahiki" hubadilisha namba zote tatu, na isipokuwa nayo hubadilisha ile ya kutenda peke yake. Mamlaka stahiki ni yapi? Hilo kila mfumo uliachiwa uamue. Mkenya yeyote aliyewahi kutumwa kwa "afisa husika" anaufahamu mtindo huo wa kuandika.

Tazama matokeo yake. Chukua programu ambayo mmiliki wake si root bali mtumiaji mwingine wa kawaida, tuseme yule anayetunza foleni ya printa. Programu imemaliza kazi ya pekee, nayo inaita setuid kwa namba halisi ya aliyeianzisha, ikitaka kuacha mamlaka ya kuazima moja kwa moja. Kwenye FreeBSD, namba zote tatu hubadilika. Nguo imevuliwa na kurudishwa kwa mwenyewe. Kwenye Linux na Solaris, mwito ule ule hubadilisha ile ya kutenda tu, na ya akiba hubaki na mmiliki. Nguo imevuliwa, ndiyo, lakini imewekwa chini ya kiti. Mifumo yote mitatu hurudisha jibu moja: 0, yaani mambo yamekwenda sawa. Mwandishi wa programu aliyeijaribu kwenye mashine yake na kuona inafanya kazi hana namna ya kujua kwamba kwa jirani inafanya kazi nyingine.

Mwaka 2002 Hao Chen na David Wagner wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na Drew Dean wa SRI International, walifanya jambo lililopaswa kufanywa zamani. Badala ya kuamini miongozo, waliandika programu ya kuuita kila mwito kwa kila mchanganyiko wa namba zile tatu, kwenye Linux, FreeBSD na Solaris, na kuchora ramani ya kilichotokea hasa. Wakakuta mifumo inatofautiana, jambo lililotarajiwa. Wakakuta pia baadhi ya miongozo rasmi inasema uongo kuhusu mifumo yake yenyewe, jambo ambalo labda nalo lilipaswa kutarajiwa. Ramani ya setuid waliyoichora ina mishale mingi kiasi kwamba ukiiangalia haraka unadhani ni nyaya za stima juu ya mapaa ya Gatwekera, kule Kibera.

Niruhusiwe kutoka kidogo kwenye kompyuta, maana kuna jambo la Kibera linalofanana na hili mno kuliko ninavyopenda. Sheria ya kusajili watu nchini Kenya ni moja. Ukifika miaka 18 unakwenda ofisini na karatasi zako, unapigwa alama za vidole, unasubiri kitambulisho. Lakini kwa miaka mingi kijana wa Kinubi kutoka Makina, ambaye babu wa babu yake aliletwa na Waingereza kama askari wa King's African Rifles na kupewa makao kwenye msitu ulioitwa Kibra, alipopeleka ombi lile lile katika ofisi ile ile, alielekezwa kwanza mbele ya kamati ya uchunguzi. Mwenzake wa darasani wa kabila jingine alipita moja kwa moja. Machi 2011 Kamati ya Wataalamu ya Afrika kuhusu Haki na Ustawi wa Mtoto iliamua kwamba Kenya ilikuwa imewakosea watoto wa Kinubi katika suala la uraia. Januari 2020, katika kesi ya Huduma Namba, mpango wa serikali wa kusajili watu kidijitali, iliyopelekwa na Nubian Rights Forum na wenzao, Mahakama Kuu ilieleza hatari ya mfumo wa kidijitali kuwaacha nje wale ambao tayari hawana karatasi. Sisemi kwamba binadamu ni namba ya programu. Anayetendewa hivyo hupoteza kazi na masomo, na programu haipotezi kitu. Ninachosema ni kwamba maneno "mamlaka stahiki" na "nyaraka za kutosha" yametoka kiwanda kimoja: huonekana kama kanuni mpaka uwe wewe unayesimama dirishani.

Turudi kwenye mashine, kwa maana kuna visa viwili ambavyo kila mwandishi wa programu angepaswa kuvijua kwa moyo.

Cha kwanza ni cha Juni 2000. Sendmail, programu iliyobeba sehemu kubwa ya barua pepe za dunia wakati huo, ilikuwa na biti ya Ritchie na ilimilikiwa na root. Ilipofika mahali pa kuacha mamlaka, iliita setuid kwa namba halisi ya mtumiaji, ikijua kwamba kwa kuwa inatenda kama root, namba zote tatu zitabadilika. Lakini wakati huo Linux ilikuwa imeanza kuyagawa mamlaka ya root vipande vipande, na kimoja kati ya vipande hivyo kilikuwa ndiyo ruhusa ya kubadilisha namba za watumiaji. Kiini cha Linux hakikuuliza tena "wewe ni root?" Kiliuliza "unacho kile kipande?" Na katika toleo la 2.2.15 na yaliyolitangulia, mtumiaji yeyote wa kawaida aliweza kukiondoa kipande hicho kabla ya kuianzisha Sendmail.

Fuata kilichofuata taratibu. Sendmail inaanza, ina namba ya root, haina kipande. Inaita setuid ili iache u-root. Kiini kinaiona haina mamlaka stahiki, kwa hiyo kinaitendea kama mtu wa kawaida: kinabadilisha namba ya kutenda, kinaacha ya akiba ikiwa root, kisha kinajibu kwamba mambo yamekwenda sawa. Sendmail inaendelea na kazi ikiamini imekuwa raia wa kawaida. Mshambuliaji anachohitaji ni kuifanya ikumbuke akiba yake. Umeona uzuri wake? Mamlaka yalibaki kwa sababu mamlaka yalipunguzwa. Mtu alinyang'anywa ufunguo wa kujifungia nje.

Hapa hata mwandishi mwangalifu, anayesoma jibu la kila mwito, asingeokoka, kwa kuwa jibu lilikuwa zuri. Linux ilirekebishwa katika toleo la 2.2.16. Lakini kilichonivutia ni dawa iliyotiwa ndani ya Sendmail 8.10.2. Baada ya kuacha mamlaka, programu inajaribu kuyachukua tena. Inaomba kuwa root. Ikikataliwa, inafurahi na kuendelea. Ikikubaliwa, inajua kwamba haikuacha chochote, na inakataa kufanya kazi. Sijui desturi nyingine ya kiufundi ambamo kukataliwa ndiyo habari njema.

Kisa cha pili kilifika mpaka kwetu, ingawa wachache walikijua kwa jina. Mapema mwaka 2011 Safaricom ilianza kuuza Huawei IDEOS kwa takriban shilingi 8,000. Kabla ya hapo simu ya Android ilikuwa kitu cha watu wa Lavington, ng'ambo tu ya barabara kutoka Kawangware lakini mbali sana kwa kipimo cha mfuko. IDEOS ilivuka barabara hiyo. Ikaonekana kwa wanafunzi, kwa makanga, kwa mafundi wa simu wa Toi na wa Olympic kule Kibera.

Ndani yake mlikuwa na Android 2.2, na chini ya Android mna Linux. Android ilichukua wazo la Unix la watumiaji wengi wa mashine moja na kuligeuza: mwenye simu ni mmoja, ila kila programu hupewa namba yake ya mtumiaji, kuanzia 10000. Ni kama ploti ya vyumba kumi. Mabati ni yale yale, choo ni kile kile, lakini kila mlango una kufuli yake, na funguo zote anazo keateka peke yake. Simu ikiunganishwa na kompyuta kwa waya, programu iitwayo adbd ndiyo inayopokea maagizo. Nayo huanza kama root, ifanye maandalizi yake, kisha iite setuid kujishusha iwe mtumiaji namba 2000, asiye na makuu.

Linux ya siku zile ilikuwa na tabia moja isiyotajwa sana. Kila mtumiaji ana kikomo cha idadi ya programu anazoweza kuwa nazo kwa wakati mmoja. Ukiita setuid ili uwe mtumiaji ambaye kikomo chake kimeshajaa, mwito unakataliwa. Mwaka 2010 mtaalamu aliyejiita Stealth alilitumia hilo katika programu yake ndogo, RageAgainstTheCage. Inaingia kama mtumiaji 2000, inajizalisha mara kwa mara hadi nafasi zote za 2000 zijae, kisha inaiua adbd. Mfumo unaiwasha adbd upya, ikiwa root. Adbd inaita setuid iwe 2000. Kiini kinakataa: hakuna nafasi. Na adbd, iliyoandikwa na watu waliokuwa na hakika kwamba root akiomba kushuka hawezi kukataliwa, haikusikiliza jibu. Ikaendelea na kazi ikiwa root, na yeyote aliyeshika waya akawa keateka.

Fundi wa kibandani angeweza kuishangilia hiyo, kwa sababu ilimfungulia simu ya mteja bila taabu. Lakini Machi 2011 Google iliondoa zaidi ya programu 50 kutoka soko la Android, zilizobeba kirusi kilichoitwa DroidDream, na ndani yake mlikuwa na RageAgainstTheCage ile ile. Kilichotuokoa huku ni kwamba M-Pesa ya wakati huo ilikaa kwenye laini, si kwenye Android. Leo, pesa ikiwa ndani ya programu za simu, nisingependa kurudia jaribio hilo.

Linux ilibadilisha tabia hiyo katika toleo la 3.1, mwishoni mwa 2011: setuid haikatai tena kwa sababu ya kikomo, kukataliwa kumesogezwa mbele, pale programu inapotaka kuanzisha nyingine. Ni marekebisho ya busara, na pia ni tofauti mpya kati ya Linux ya jana na ya leo. Kuna tofauti nyingine nitakayoipita haraka, ya programu zenye nyuzi nyingi: kiini cha Linux hubadilisha namba za uzi mmoja tu ulioita, na ni maktaba ya glibc inayokimbia kuziarifu nyuzi nyingine. Lugha ya Go ilikaa miaka mingi ikikataa kabisa kuiita setuid kwenye Linux kwa sababu hiyo, hadi toleo la 1.16 la mwaka 2021.

Kuhusu utata huu wote, Chen na wenzake, katika utafiti ule wa 2002, walikuwa wamependekeza setresuid. Mwito huo unataja namba zote tatu waziwazi: halisi iwe hii, ya kutenda iwe hii, ya akiba iwe hii. Hakuna kubahatisha kiini kitaelewaje. Ulikuwepo kwenye Linux, FreeBSD, OpenBSD na HP-UX, lakini haukuwepo kwenye Solaris wala macOS, kwa hiyo mwandishi aliyetaka programu yake isafiri alilazimika kuandika njia mbili au tatu. POSIX iliukubali rasmi katika toleo lake la 2024. Kutoka 1988 ni miaka 36, muda ambao Kawangware imejengwa na kujengwa upya kutoka mabati hadi maghorofa.

Nilipomaliza ritani zangu mwaka huu, nilimwomba kijana wa saiba, karibu na stage, afanye kama Sendmail. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia, "Buda, kabla sijatoka, hebu jaribu kuingia tena kwangu." Akanitazama kama mtu anayeshukiwa wizi, na sikumlaumu. Akafungua ukurasa. Jina langu likajijaza lenyewe, na chini yake vikajipanga vidoti vyeusi vinane.

"Ah," akasema, "hiyo ni kompyuta tu, mzee. Mimi nilitoka."